Ushahidi wa Mkojo

Binadamu huyaonea haya maji yatokayo mwilini mwake. Mkojo tumeupa jina la haja ndogo, tukadhani kuwa tumeusitiri. Kumbe tumemnyamazisha shahidi.

Nilipokuwa mtoto huko Runzewe, tulioga katika malambo ya kunyweshea ng'ombe. Mwenzetu mmoja alipokojoa damu, vijana waliotuzidi umri walimpongeza kuwa amekuwa mwanamume. Zamu yangu ilipofika nilifurahi, nikanyamaza. Neno kichocho lilikuwamo katika lugha yetu, lakini halikuwamo vinywani mwetu.

Kichocho cha kibofu hujitangaza kwa damu. Kichocho cha utumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Viktoria, ni msiri. Mnyoo wake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake hutafutwa kwa hadubini katika choo kikubwa. Mayai yakiwa machache, hadubini huweza kupitwa. Lakini mnyoo huyu hula damu, na asichoweza kukisaga hukitapika. Katika matapishi hayo imo protini yenye sukari, ambayo figo huichuja ikatoka na mkojo. Tone la mkojo huo likiwekwa juu ya kipimo kidogo, na mtu akasubiri dakika 20 hivi, mstari hutokea na kumshitaki mnyoo.

Mpwa wangu alikulia Chato, ufukoni mwa ziwa. Alipokuwa shuleni alisinzia darasani, akalalamika tumbo, akashindwa kubeba ndoo ya maji. Choo chake kilipimwa, yai halikuonekana. Basi hukumu ikatolewa kuwa ni mvivu, na aliyeitoa ni mimi, mtu mzima, msomi, mwalimu wa maneno, niliyepata kukojoa damu na kuificha.

Baadaye watafiti walifika shuleni kwao na vikombe vya mkojo. Mstari wake ulitokea. Akapimwa urefu, akapewa vidonge vya prazikwanteli vinavyomstahili.

Si desturi ya mjomba kumwomba mpwawe radhi, lakini hapana budi hukumu mbovu itenguliwe na yule aliyeikata. Nilisafiri mpaka Chato, nikaketi naye chini ya mwembe, nikasema niliyopaswa kusema. Alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Mjomba, hata mimi nilikuwa nimekwisha kuamini kuwa ni mvivu."