Tuanze na Lipi?



Juma hili Halmashauri ya Walei ya parokia yetu hapa Dar es Salaam ilikutana kupanga matumizi ya fedha za harambee. Orodha ya mahitaji ilikuwa na mambo saba: paa linalovuja, vyoo vya watoto wa chekechea, mfereji wa nyuma ya kanisa, vipaza sauti vya kwaya, na mengineyo. Fedha zilitosha mambo mawili. Kila mjumbe alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa ya kweli. Ugumu wenyewe ulikuwa hapo. Kama mmoja angesema uongo, kazi ingekuwa nyepesi.

Niliporudi nyumbani nilikumbuka kwamba jiji letu zima liliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Ilikuwa mwaka 1992. Wakazi wa Dar es Salaam walikwisha kupita 1,360,000 katika sensa ya mwaka 1988, na jiji lilikuwa limeelemewa. Taka zilizozolewa hazikufika hata sehemu moja ya kumi ya zile zilizozalishwa. Serikali, wafanyabiashara na wananchi waliitwa pamoja kuyataja matatizo ya jiji, wakaafikiana juu ya mambo makuu tisa, yakiwemo makazi yasiyopimwa, maji machafu, usafiri na hewa, biashara ndogondogo, maeneo ya wazi na pwani. Katika hayo yote, walilolitanguliza ni taka ngumu.

Mtu aweza kushangaa. Katika jiji lenye watu wasio na maji wala barabara, taka ndizo zitangulie? Nami nilishangaa zamani. Leo, baada ya miaka mingi ya kuishi na masika ya jiji hili, naona busara iliyokuwamo. Taka huziba mfereji; mfereji ukiziba, maji huingia nyumbani; maji yakiingia, vyoo vya shimo hufurika; vyoo vikifurika, kipindupindu hakikawii kubisha hodi. Anayeondoa taka amegusa matatizo manne kwa mkono mmoja. Tena ni kazi inayoweza kuanza kesho asubuhi, na jioni kila mpita njia akaiona. Watu waliokwisha kukata tamaa huhitaji kuona jambo moja limefanyika kabla ya kuamini ahadi ya la pili.

Lakini kulichagua tatizo si kulitatua, na jiji letu lilikwisha kuwa na somo chungu juu ya hilo. Wakazi wa Tabata walichoka moshi na uvundo wa dampo lililowekwa katikati ya makazi yao. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Hata hivyo dampo halikufungwa hadi mwaka 1991, kwa kuwa jiji liliomba muda tena na tena. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Mwishowe zikaangukia Vingunguti, zikakaa huko hadi mwaka 2001. Kuhamisha tatizo kutoka mlango wa jirani mmoja hadi mlango wa mwingine kwaweza kuonekana kama ushindi, ila ni kwa yule tu ambaye mlango wake umeachwa.

Baada ya mwaka 1992 yalifanyika mengi. Palikuwa na operesheni ya dharura ya kusafisha jiji. Mwaka 1994 kampuni binafsi ilikabidhiwa uzoaji katika kata za katikati ya jiji. Mwaka 1996 Baraza la Jiji lilivunjwa na Tume ikashika hatamu hadi mwaka 2000, na kazi ya kuzoa ikasambazwa kata kwa kata kwa makampuni na vikundi vya wananchi. Hali ilikuwa nafuu kuliko awali. Haikuwa kamilifu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na hadi leo mvua kubwa ikinyesha tunaulizana kwanza kama Jangwani kunapitika.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Hananasif, Kinondoni, kandokando ya Bonde la Msimbazi. Huko, kuanzia mwaka 1994, mradi wa kuboresha mtaa ulianza kwa kuwasikiliza wakazi wenyewe, nao walitanguliza mifereji ya maji ya mvua. Wakazi, wanawake kwa wanaume, wakaichimba na kuijenga wao wenyewe kwa ujira. Aliyechagua ndiye aliyekuwa akilowa.

Nayasema haya kwa sababu nina deni la kuungama mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyotumikia wakati huo, tulikuwa na fedha za jambo moja tu. Tungeweza kuzibua na kujengea mfereji uliopita nyuma ya uwanja wetu, au kujenga ukuta na geti. Wezi walikuwa wameiba viti, na waliotaka ukuta walikuwa na sauti kubwa. Nilikuwa mmoja wao. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga ukuta, na ufa tukauacha.

Masika yaliyofuata maji yalifurika usiku. Bibi mmoja wa jumuiya iliyokuwa bondeni alipoteza godoro, unga, na cherehani aliyokuwa akiitumia kuwalea wajukuu watatu. Nilikwenda kumpa pole. Hakunilaumu. Alinikaribisha niketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Baba Paroko, ukuta umependeza kweli. Ila maji hayakupitia getini."

Tulimnunulia cherehani nyingine. Maneno yake sijayalipa mpaka leo.

Tangu hapo, kila orodha inapowekwa mezani, huuliza mambo matatu. Je, ni nani atakayeumia usiku wa leo tukichelewa? Je, jambo hili likitengemaa, ni mangapi mengine yatakayopungua uzito? Na je, wale wanaoumia wamo humu ndani ya kikao, au tunawasemea tu?

Safari hii niliomba kikao kiahirishwe siku mbili, tukawaita viongozi wa jumuiya zilizo bondeni na mwalimu wa chekechea. Uamuzi ukachukua nusu saa: mfereji kwanza, vyoo vya watoto pili. Paa litawekewa turubai. Vipaza sauti vitasubiri, na habari hiyo nilikwenda kuwapa wanakwaya mwenyewe, uso kwa uso, siku ya mazoezi. Kuchagua la kwanza ni kumwambia mtu mwingine asubiri, na anayesubirishwa ana haki ya kuelezwa sababu na yule aliyeamua. Hawakufurahi. Mwalimu wao alinyamaza kidogo, kisha akauliza kazi inaanza lini.

Inaanza Jumamosi, saa moja asubuhi. Mwenye koleo aje nalo. Mwenye toroli pia. Nami nitakuwapo.

Nawatakia juma jema.