Barua kutoka Ughaibuni: Simu Apige Mtoto

Alhamisi ya katikati ya Agosti, saa mbili asubuhi kwa Uingereza, Mombasa na Dar es Salaam ni saa nne na kundi la ukoo la WhatsApp limeshachangamka zamani. "Vipi, yametoka?" anauliza shangazi wa Tanga. Mjini Reading, mama aliyerudi punde kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hajavua hata koti. Mezani pana chai, chaja, daftari, na kijana wa miaka 18 aliyeikodolea macho simu yake.

Siku hiyo ndiyo hutoka matokeo ya A-Level, mtihani unaolingana na wa Kidato cha Sita Tanzania. Waskoti wana mtihani wao na matokeo yao hutangulia. Wanafunzi huomba vyuo visivyozidi vitano kupitia UCAS, chombo cha udahili chenye makao yake Cheltenham, kisha kati ya vilivyowakubali kwa masharti hubakiza viwili: cha moyo na cha akiba. Tovuti ya UCAS haitoi alama, inasema tu kama nafasi ipo. Alama hutolewa na shule. Kwa hiyo mtoto anaweza kujua amepata chuo kabla hajajua amefaulu vipi.

Shangazi anataka pointi. Anajibiwa: 120. Mungu wangu! Kwake yeye pointi tatu ndizo za kuchinjia mbuzi. Ila huku A ni pointi 48, B ni 40, C ni 32, na zikizidi ndiyo heri. Kijana ana B tatu, si haba. Basi tu, chuo cha moyo kilitaka A mbili na B, na cha akiba A moja na B mbili.

Hapo ndipo inapoanza Clearing. Vyuo vyenye nafasi zilizobaki huzitangaza, na asiye na chuo huziomba moja kwa moja, kuanzia Julai hadi Oktoba. Zamani ilionekana ni njia ya waliokwama. Siku hizi hata udaktari umepitia humo: mwaka 2016 chuo cha St George's cha London kilitangaza nafasi za udaktari kwa Clearing. Kabla ya kukimbilia huko, hata hivyo, inafaa kukipigia kwanza chuo cha moyo kama tovuti bado haijakitoa. Aliyekosa kwa daraja moja wakati mwingine huchukuliwa hivyo hivyo.

Na anayepiga ni mtoto. Mzazi wa Kiafrika aliyezoea kubeba bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi, akimtanguliza "mwanangu huyu", hili humuuma. Lakini chuo hakimpi habari za mwombaji mtu mwingine, awe mama au baba, ila aliyeandikishwa UCAS kuwa msemaji wake. Hata huyo asitegemee kumjibia, maana mwalimu aliye upande wa pili anataka kumsikia mwanafunzi mwenyewe: kwa nini uhandisi, kwa nini hapa, GCSE, mtihani unaotangulia A-Level, ya Hisabati na Kiingereza alipata nini. Kazi ya mama ni kuchimbua hivyo vyeti vya GCSE kabatini, kuandika kwenye daftari jina la kozi, saa na aliyezungumza naye, na kunyamaza. Mtoto anaweza kukusanya ahadi za vyuo kadhaa kwa mdomo. Kwenye UCAS huingiza kimoja tu kwa wakati. Kwa hiyo hakuna sababu ya kusema ndiyo kwa simu ya kwanza.

Mtoto akihisi amesahihishwa vibaya, shule ndiyo huomba mtihani upitiwe upya, na alama zinaweza hata kushuka. Wasiwasi wa wazazi una historia: Agosti 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya Uviko, hesabu ya kompyuta ilishusha karibu asilimia 40 ya alama walizokadiria walimu wa England. Siku chache baadaye serikali ikarudi nyuma.

Kinachowapiga chenga Waswahili wengi zaidi, lakini, ni ada. Mwaka wa masomo 2025/26 ada ya juu ya mwenyeji England ilikuwa pauni 9,535 kwa kozi nyingi. Mgeni hulipa mara nyingi maradufu na zaidi, na hapati mkopo wa serikali. Mtoto aliyekuja na mzazi mwenye viza ya kazi anaweza kumaliza sekondari Reading akiwa bado mgeni kwenye karatasi. Beaurish Tigere, mzaliwa wa Zambia aliyefika akiwa na miaka sita, alinyimwa mkopo kwa sababu hiyo, akaenda hadi Mahakama ya Juu na kushinda Julai 2015. Kanuni zikalegezwa: mwenye miaka 18 au zaidi aliyeishi Uingereza nusu ya umri wake anaweza kustahili, ili mradi miaka mitatu ya mwisho aliishi kihalali.

Swali la kama mtoto ni mwenyeji au mgeni chuo hulituma kwa fomu, wakati mwingine baada ya ahadi ya simu, na majibu hutakiwa haraka. Pasipoti za zamani, barua za Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, ushahidi wa shule ya msingi: vyote ni vya kutafutwa Juni. Agosti shule za msingi zimefungwa, na karani wa kumwandikia mama barua yuko likizo.