Mstari Uliojifunza Kutembea

Mpwa wangu, jioni nakuona umeinamia kile kibao chako cha kuchorea, kalamu haina wino, mkono hauna doa, na picha inachomoza kwenye kioo ikiwa safi kabisa. Kazi yako naipenda. Ila nasikia wenzako wakisema kwamba michoro ya vekta na animesheni ni kazi ya mashine, na hapo ndipo mjomba wako anapotaka kusema neno, kwa sababu sanaa hiyo niliiona ikiingia Dar es Salaam kwa macho yangu, na nusu yake tulikuwa tunaijua kabla kompyuta hazijafika. Nilianza kazi katika banda la waandika vibao Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, siku ambazo Mzee Mwinyi ndiyo kwanza ameshika nchi. Biashara zilikuwa zimeanza kufunguka, na kila mwenye saluni, mashine ya kusaga au hoteli ya wali maharage alitaka kibao. Banda lilinuka rangi ya mafuta, thina, na mafuta ya taa tuliyooshea brashi; bati likishapata moto wa saa sita mchana, harufu hiyo ilikaa kooni mpaka usiku. Tulilipwa kwa herufi. Herufi ya kawaida ilikuwa shilingi tano, na yenye kivuli ilizidi kidogo kwa kuwa ilikula rangi mbili. Rangi yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, hasa nyekundu, na kopo lake lilifungwa kabatini pamoja na fedha za mauzo.

Fundi wetu alikuwa mzee wa Kilwa, mrefu, uso wenye makovu ya ndui, macho ya upole, mtu wa maneno machache. Kila kijana aliyekuja kujifunza alipimwa kwa herufi moja tu, S. Mzee alimpa chaki na kumwambia aweke alama pale ambapo mstari unabadili nia, halafu apitishe brashi. Vijana wengi walijaza ubao utitiri wa alama, na S zao zikatoka na vinundu kama kamba iliyofungwa mafundo. Yeye aliweka alama tano: pale mstari unapoanzia, kwenye mgongo wa juu, katikati, kwenye tumbo la chini, na pale unapoishia. Kisha alivuta pumzi, akashusha brashi, na herufi nzima ikatoka kwa mkupuo mmoja, laini, huku kidole chake cha mwisho kikiegemea ubao ili mkono usitetemeke. Alama zikiwa chache, mkono unapata nafasi ya kwenda. Sikujua kwamba siku hiyo nilikuwa nafundishwa kompyuta.

Jumapili nilipenda kwenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, kuwatazama wachoraji wa Tingatinga chini ya miti. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alishafariki mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, wakipaka rangi za kung'aa, zile zile za baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Ukikaa nao unauona mpango. Kwanza hupakwa ardhi na mbingu, rangi moja iliyolala tambarare. Ikikauka, hufuata umbo la twiga au ndege. Ikikauka tena, hufuata mistari na madoa, jeupe juu ya jeusi. Tabaka juu ya tabaka, kila umbo na mpaka wake, hakuna rangi inayochafua nyingine. Miaka mingi baadaye nilipofunguliwa programu ya kuchorea na kuonyeshwa matabaka yaliyopangwa pembeni mwa kioo, nilijiona nimerudi kwa jamaa wale.

Katuni zetu wakati huo zilikuwa za karatasi. Tulizisoma katika jarida la Sani hadi kurasa zikalainika kama kitambaa, na jina la mchoraji Philip Ndunguru lilitajwa vijiweni kama la mchezaji mpira; alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Kijana mwingine wa Dar es Salaam, Gado, alikwenda Nairobi na mwaka 1992 akaanza kuchora katika gazeti la Nation. Picha zinazotembea zilikuwa jambo jingine. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kompyuta nazo zilikuwa na historia yake, maana Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974. Kwa hiyo vitu hivi viwili, televisheni na kompyuta, vilitufikia karibu kwa pamoja, na tukavipokea kwa pupa ya watu waliokaa njaa.

Kompyuta yangu ya kwanza niliikuta katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini, kwenye chumba cha peke yake chenye kiyoyozi, ambacho ulivua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Kulikuwa na baridi ya jokofu na harufu ya plastiki mpya. Binti aliyeiendesha, mpole, mwenye miwani mikubwa, alifungua CorelDRAW, programu iliyotoka mwaka 1989, miaka miwili baada ya Illustrator ya Adobe. Akachora S. Akabofya mahali patano, akavuta vijiti vidogo vilivyochomoza kwenye kila nukta, mstari ukajikunja na kutulia. Akaniambia kwamba katika mchoro wa vekta kompyuta haikumbuki rangi ya kila kitone, inakumbuka maagizo: anzia hapa, jikunje hivi, ishia pale. Ndiyo maana mchoro wenye ukubwa wa stempu unaweza kupanuliwa ukafunika ukuta wa ghorofa, na kingo zake zisichakae. Hesabu ya mikunjo hiyo ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliigundua akiwa Citroën, kampuni ikaifanya siri, na Pierre Bézier wa Renault akaitangaza miaka ya 1960 alipokuwa akibuni mabodi ya magari, basi ikabeba jina lake hadi leo.

Jambo lililotugusa sisi wa nchi maskini ni udogo wa mafaili ya michoro hiyo. Flopi ya siku zile ilibeba megabaiti 1.44 tu, na picha moja nzuri ya kamera ilikataa kuingia humo, lakini mchoro wa vekta uliingia na nafasi ikabaki. Ulitia kazi ya wiki nzima katika mfuko wa shati, ukapanda daladala, ukaipeleka kwa mteja Ubungo. Vilevile kulikuwa na machungu, na sitayaficha. Plota za kukata stika zilipozagaa, herufi za brashi zilikosa wateja. Mabanda ya Kariakoo yakafungwa moja baada ya jingine, na wazee wenye mikono ya dhahabu wakarudi mikoani kulima. Mimi nilipona kwa kuwa nilikuwa kijana bado na nilikubali kufundishwa na mabinti waliokuwa wadogo kwangu.

Halafu ikaja Flash, programu ya kutengeneza picha zinazotembea. Jonathan Gay na wenzake waliitoa mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash Animator, na mwisho wa mwaka huo huo Macromedia wakainunua na kuipa jina hilo tulilolizoea. Mimi niliikuta mwanzoni mwa karne hii, Mwalimu Nyerere akiwa ametutoka mwaka 1999 na mji bado una majonzi yake, katika mkahawa wa intaneti uliotoza shilingi elfu moja kwa saa, fedha ya mlo wa mchana na nauli ya kurudi. Simu ilipiga kelele zake za kuunganisha, tukasubiri, na tulipokuwa tumeshakata tamaa, tone la rangi likatambaa kwenye kioo likageuka samaki. Tukashangilia mkahawa mzima. Filamu ya dakika moja ilipita katika waya ule mwembamba wa simu kwa sababu ilikuwa ni maagizo matupu ya nukta na mikunjo.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa konda wa daladala. Nilimkata vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha, kiganja, paja, muundi, nikaweka mhimili kwenye kila kiungo. Flash ilicheza fremu 12 kwa sekunde. Unachora pozi la mwanzo na pozi la mwisho, na programu inajaza zilizo katikati yenyewe. Ikajaza, na konda wangu akawa maiti inayoinua mkono, kwa maana mashine hugawa mwendo sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na kiumbe hai hafanyi hivyo. Nikaenda kituo cha Mwenge nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Konda halisi, kabla hajapiga bodi la gari, kwanza mkono wake unarudi nyuma kidogo. Unaondoka taratibu, unashika kasi, unagonga, kisha kiganja kinabaki nyuma wakati kiwiko kimeshaanza safari nyingine. Mguu mmoja uko ngazini, mwingine unaelea hewani, na kichwa chake kimekwisha kugeukia abiria wa mbele. Nikarudi nikapanga fremu zangu upya, nyingi pale mkono unapoanza na unapotua, chache pale unapokwenda kasi. Akafufuka. Wenzangu walimtambua kwamba ni wa njia ya Mwenge na Posta, na sikuwa nimeandika jina la njia popote.

Midomo nayo ilitufundisha kusikiliza lugha yetu. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, kwa hiyo midomo mitano iliyo wazi na mmoja uliofumbwa kwa m, b na p ilitosha kumwezesha mhusika kuongea. Lakini mtoto akisema "mtu", midomo lazima ifumbe na ikae imefumba kidogo kabla ya kufunguka, kwa kuwa ile m ni silabi inayojitegemea. Ukiiruka, mtoto anayetazama anahisi anaongeleshwa na mgeni.

Mwaka 2010 nikamwona twiga wa Oysterbay akitembea. Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya katuni, vilitengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz pamoja na kampuni ya Kiingereza ya Tiger Aspect, Claudia Lloyd akiwa mtayarishaji na Eric Wainaina akitia muziki, na watoto wa Uingereza wakavitazama kwenye chaneli ya CBeebies. Nilikuwa sebuleni kwa mama yako. Wewe ulikuwa umekaa chini na kipande cha muhogo mkononi, mdomo wazi, muhogo umesahaulika, na mimi nilikuwa nayatambua madoa yale, jeupe juu ya jeusi. Kisha mwaka 2014 Ubongo Kids wakaanza kurushwa TBC kutoka hapa hapa Dar es Salaam, wakifundisha hesabu kwa nyimbo na katuni za Kiswahili. Flash yenyewe imekwisha kuondoka. Programu ilibatizwa jina la Animate mwaka 2016, na kile kichezeshi cha mtandaoni kikazimwa mwisho wa mwaka 2020. Mashine zinakuja na kupita, mpwa wangu, na sijawahi kuona hata moja iliyoondoka na jicho la mchoraji.

Jicho hilo ndilo ninalokuhimiza ulitunze. Siku hizi wanauza wahusika waliokwisha kutengenezwa, na mwendo wao ndani yake, nawe unabadilisha nguo na rangi ya ngozi tu. Wahusika wale hutembea mikono mitupu, mabega yakiyumba, kichwa kikipanda na kushuka. Sasa nenda sokoni Kisutu alfajiri umtazame mama anayepita na beseni la samaki kichwani. Shingo imetulia, macho yako mbele, uzito wote unashuka kwenye nyonga, magoti yanakunjika kidogo kila hatua ili maji yasimwagike, na mkono mmoja ukinyanyuka kugusa beseni, mwingine unafunguka pembeni kuweka mizani. Mhimili wa mwendo wake hauko pale ulipo kwa wahusika wa kununuliwa, na hakuna duka litakalokuuzia, maana aliyeutengeneza mwendo wao hakumwona mama huyu. Mchore wewe. Weka nukta chache, kila moja uwe umeitafuta mwenyewe barabarani, na ukimaliza uandike jina lako kwenye kazi hiyo, kama mafundi wa Oysterbay walivyotia majina yao chini ya kila ubao.