Karatasi Imepotea, Ubatizo Haukupotea

 

Mwezi huu tumeombwa tujibu maswali ambayo watu huuliza kuhusu Kanisa Katoliki. Sisi si mapadri. Ni mke na mume, wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na kabla ya kuja huku kambini tulikaa miaka kadhaa Jinja, mtaa wa Walukuba, halafu Mbale, chini ya mlima Wanale. Huko kote tulisaidia kufundisha katekisimu kwa Kiswahili. Misa ya Jinja ni kwa Kisoga, Kiganda au Kiingereza, Mbale kuna Kimasaba, na mtu aliyetoka Uvira juzi anakaa benchi ya nyuma anaitikia Amina tu. Kwa hiyo maswali yalikuja kwetu nyumbani. Mtu anaingia jioni kuomba chumvi, anakaa, na chumvi inasahauliwa.

Tumezoea kwamba swali la kwanza huwa si lile lenyewe. Mtu ataanza na Bikira Maria, au sanamu, au kwa nini tunaungama kwa padri, kumbe ana jingine moyoni. Basi na sisi tuanze na yale mepesi.

Mbale ni mji wa dini nyingi. Kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza 1988. Nje kidogo ya mji, kwenye kilima cha Nabugoye, kuna wenyeji wanaoshika dini ya Kiyahudi, wanaitwa Abayudaya, na walianza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Jumamosi hawafanyi kazi. Watoto wetu walirudi siku moja wakauliza, "Baba, wale wanasema Sabato ni Jumamosi, mbona sisi tunasali Jumapili?" Tuliwajibu kwamba wale wanasema kweli, Sabato ni Jumamosi. Sisi tunakutana Jumapili kwa sababu ndiyo siku Yesu alifufuka, na Wakristo wa kwanza walikutana siku hiyo. Hakuna aliyeiba siku ya mwenzake.

Eti Wakatoliki wanaabudu Maria? Hapana. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria tunamwomba atuombee, kama vile unavyomwambia jirani, "Niombee, kesho nina mahojiano ya UNHCR." Na watakatifu ni hivyo hivyo. Kila mwaka, Mei ikielekea kwisha, watu wa Mbale na wa Jinja wanashika barabara kuu kwa miguu kwenda Namugongo kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni. Kutoka Mbale ni zaidi ya kilomita 200. Tulipokuwa Jinja tulikwenda barabarani kuwapa maji, na miguu tuliyoiona pale ilitukumbusha safari zetu wenyewe, ila wao wanajua watarudi nyumbani.

Katika wale mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, yumo Msoga, Matia Mulumba. Alizaliwa Bunya, huko Busoga, akatekwa akiwa mtoto, akakulia Buganda mikononi mwa watu wasio wake. Alijaribu Uislamu, akawasikiliza Waprotestanti, mwishowe akabatizwa Mkatoliki tarehe 28 Mei 1882. Aliuawa mwezi wa Mei 1886, pale Kampala ya Kale, kwa mateso makali. Tukisema "Mtakatifu Matia utuombee" tunasema na mtu aliyejua maana ya kuondolewa kwao. Sisi wakimbizi tungepaswa kumjua zaidi kuliko tunavyomjua.

Wazazi waliobaki Mbale wanauliza pia kuhusu imbalu, tohara ya Wamasaba, ambayo hufanyika miaka kama 2022 na 2024, kila baada ya miaka miwili. Kijana anaona wenzake wa darasa wanacheza ngoma, naye anataka. Tohara yenyewe Kanisa halikatazi. Kafara kwa mizimu ndiyo Mkristo haingii. Na mzazi aangalie kisu kama ni safi, hilo si la dini lakini tunalisema.

Sasa tuje kwenye karatasi. Hili ndilo swali tulilolisikia kuliko yote, Jinja na Mbale, na huku kambini pia. "Tulikimbia usiku. Cheti cha ubatizo kiliungua na nyumba. Binti yetu anataka kipaimara, je, abatizwe upya?" Hapana, wapendwa. Ubatizo hupokelewa mara moja tu, na moto hauwezi kuufuta. Cheti ni nakala tu. Kile chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha parokia alikobatizwa, na pembeni ya jina lake humo huandikwa pia kipaimara na ndoa. Nyumba yako iliungua, lakini huenda kitabu kiko salama sandukuni kwa paroko. Siku hizi paroko wa huku akimwandikia mwenzake wa kule kwa simu, picha ya ukurasa inaweza kufika siku hiyo hiyo. Tumeona ikifika. Yule baba aliangalia jina la mtoto wake kwenye kioo cha simu, mwandiko wa padri aliyekwisha kufa, akaomba aachiwe simu kidogo.

Na kama parokia nayo ilichomwa? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 876, inasema shahidi mmoja anayeaminika anatosha, pasipo na mtu atakayeumizwa na jambo hilo. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe. Basi mtafuteni bibi aliyekuwepo, baba wa ubatizo, jirani wa kijiji. Wengi wako katika kambi hizi hizi. Ikibaki mashaka ya kweli baada ya kutafuta, padri anabatiza kwa sharti, yaani anasema "kama hujabatizwa". Na aliyebatizwa kwa Waprotestanti kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu harudiwi anapoingia kwetu, mpaka pawepo sababu kubwa ya kutilia shaka.

Wengine wanaogopa kumleta mtoto mchanga kwa sababu wao wenyewe hawajafunga ndoa ya kanisa, mahari haijaisha, mambo bado. Mleteni. Kinachohitajika ni mzazi mmoja akubali, na pawepo tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Dhambi au shida ya wazazi haimfungii mtoto mlango. Na pesa je? Kanuni ya 848 inasema maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Sadaka ni vizuri kutoa, lakini kama huna, sema huna. Si aibu.

Kuhusu kufunga chakula Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: wanaofungwa na sheria hiyo ni kuanzia miaka 18 hadi mtu aanze mwaka wake wa 60, na mgonjwa, mama mwenye mimba au anayenyonyesha hawamo. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 tumeulizwa kwa kicheko kichungu, "Tufunge nini tena?" Mwenye kula mara moja kwa siku tayari amefunga. Asilazimishwe kuongeza.

Swali zito kuliko yote tuliletewa Mbale na mama mmoja wa kwetu. Walipotezana na mumewe njiani mwaka 2012, siku ya risasi. Alingoja miaka sita. Baadaye alikaa na mwanamume mwingine, mtu mzuri, wakapata watoto wawili. Kila Jumapili watu wakisimama kwenda kukomunika, yeye anabaki amekaa, amempakata mdogo. Alituuliza hivi: "Mimi ni mjane au ni mke wa mtu?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatumwamini mtu mwenye jibu la haraka hapo. Kanisa linafundisha kwamba ndoa hudumu mpaka kifo, na kupotea si kufa, hata mtu akipotea miaka mingi. Hiyo ni kanuni ya 1707. Lakini kanuni hiyo hiyo inafungua njia. Askofu wa jimbo anaweza kuchunguza, na akipata uhakika wa kutosha anatangaza kwamba mtu huyo anahesabiwa amekufa, na aliyebaki yuko huru kufunga ndoa. Uhakika unatoka kwa mashahidi: nani alimwona mara ya mwisho, wapi, kulitokea nini pale, watu wa kijiji wanasema nini. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana. Hata wakikosa kumpata, barua yao inaonyesha kwamba alitafutwa kweli.

Wengine wanasema sheria hii ni ya kikatili. Sisi wawili tumebishana juu yake usiku mzima, na hatujakubaliana kila kitu. Mmoja wetu anasema miaka sita ya kungoja ni ushahidi tosha. Mwingine anamkumbuka jirani yetu wa Walukuba aliyempata mkewe Nakivale baada ya miaka saba, akiwa hai, akimtafuta. Huyo naye ana haki yake, na sheria inamlinda hata asipokuwepo kujitetea. Na mjue pia: aliyetangazwa amekufa akitokea yu hai, ndoa ya kwanza ndiyo inayosimama. Ndiyo maana hawaharakishi.

Wakati anangoja, mama huyo si mtu wa nje. Anakuja Misa, anasali rozari na jumuiya, anafundisha wanawe, na habari ya Komunyo anazungumza na padri wake mwenyewe, faraghani, si na majirani. Wale wanaonong'ona wakimwona amebaki benchi, tunawaomba waangalie altare.

Kwa anayetaka kuanza, aanzie pale anapoishi: katekista, halafu paroko, ambaye ndiye anayepeleka mambo kwa askofu. Jinja ni jimbo tangu 1966, lenye askofu wake, lakini Mbale iko chini ya Jimbo Kuu la Tororo, kwa hiyo aliyehama mji mmoja kwenda mwingine awaambie mapema ili maandishi yasigawanyike. Andikeni majina ya mashahidi na namba zao za simu sasa, kabla hawajahamishwa au kupelekwa Ulaya.

Mama yule alileta mashahidi wawili. Wa tatu amepatikana Bukavu na maneno yake yanaandikwa huko na paroko. Yule mdogo alibatizwa Pasaka, akalia sana maji yalipomgusa, na mama yake ndiye aliyemshika.