Kreuzberg, Kinanda na Ukweli

Mkiwa Berlin wewe na mwenzi wako, Jumamosi moja shukeni Kottbusser Tor. Hapo Kreuzberg imenoga: treni ya U1 inapita juu ya vichwa vyenu kwenye daraja la chuma, harufu ya kebabu kila kona, na mkiingia Oranienstraße mtakutana na vijana wenye nywele za kila rangi.

Ila sisi siku hiyo hatukwenda kutalii. Mume wangu alibeba kinanda cha kilo 10 mgongoni. Mimi nilibeba ujauzito wa miezi saba.

Kinanda chenyewe ni Roland Juno-106, sinthesaiza ya analojia iliyotoka Japani mwaka 1984. Alikinunua kibovu. Juno hizi zina ugonjwa wao: kuna sauti sita, kila moja na chipu yake ya kuchuja mlio, na gundi ngumu iliyofunika chipu hizo huziua taratibu miaka inavyokwenda. Jamaa akazing'oa, akaziloweka kwenye asetoni mpaka gundi ikatoka. Siku kadhaa nyumba ilinuka kama saluni ya kucha! Tano zikapona. Ya sita ilikufa kabisa, akaweka mpya ya kuiga.

"Usimwambie mnunuzi," nilimnong'oneza kwenye ngazi. Ghorofa ya nne, lifti hakuna, si unajua majengo ya zamani. Na sisi tulitaka hela ya kitanda cha mtoto, jamani.

Mnunuzi alikuwa dada mmoja mpole. Alibonyeza noti ileile mara sita, akasikiliza sauti moja moja. Akatabasamu. Nikajua tumeshauza.

Mume wangu akafungua mdomo. "Moja si ya kiwandani. Hizo tano nimeziosha mwenyewe, sijui zitadumu muda gani." Akamwonyesha na picha za kazi yote.

Dada akapunguza euro 100, akalipa taslimu.

Nilinuna mpaka barabarani. Hakunibembeleza. Alinipeleka Köthener Straße, kwenye jengo la studio za Hansa, ambako David Bowie alirekodi albamu ya "Heroes" mwaka 1977, Ukuta wa Berlin ukionekana kutoka dirishani. "Hapa ndipo nilipotaka siku moja nirekodi na Juno yangu," akasema, mikono mifukoni.

Miaka mitatu ya ndoa, sikuwahi kujua hilo. Mimi nilikuwa nahesabu euro 100. Yeye alikuwa ameuza ndoto, na bado hakutaka kumdanganya mtu asiyemjua.

Nilimshika mkono. Kitanda tulichonunua ni cha mtumba, mguu mmoja umetengenezwa. Muuzaji alituambia mapema.