Mtu Aandikaye Programu Peke Yake

Wengi wenu mwajua kwamba mimi ndiye niliyeandika programu inayotunza hesabu ya vitabu vinavyoazimwa katika maktaba yetu. Watu hudhani kazi hiyo ni ya akili nyingi. Akili yatakiwa, sikatai. Lakini nimeona taabu kubwa ya mtu aifanyaye peke yake ni kwamba hana jicho la pili. Seremala akikata ubao vibaya, mwenziwe karakanani ataona kabla misumari haijapigwa. Mwandika programu aliye peke yake akiridhika tu, basi kazi imepita.

Kwa hiyo hana budi kujifanyia mwenzi. Mwenzi wangu ni daftari. Kabla ya kuwasha kompyuta naandika jambo moja nitakalofanya, si mawili, na kabla ya kuizima naandika nilipoachia. Sisi tupewao saa moja ya kompyuta Jumanne na nyingine Ijumaa, na umeme wenyewe hapa kwetu Uganda huenda na kurudi upendavyo, hatuna nafasi ya kuketi tukikumbuka tulikuwa tukifanya nini.

Hata mabingwa hufanya hivyo. Bwana Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipoanza kuisahihisha programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, iitwayo TeX, mwaka 1978, aliandika katika orodha kila kosa aliloliona ndani yake, dogo kwa kubwa. Mwaka 1989 akaichapa orodha hiyo, watu wote waisome! Tena akaahidi zawadi ya fedha kwa mtu atakayevumbua kosa jipya. Ni wangapi kwetu ambao wangelipa ili waambiwe makosa yao?

Nakala nazo zataka utaratibu. Natumia Git, programu iliyoanzishwa na Bwana Linus Torvalds mwaka 2005. Hutunza kila hatua ya kazi, hata mtu aweze kurudi nyuma, wala haihitaji intaneti. Ila kila hatua huandikiwa maelezo mafupi, na hapo ndipo wengi huwa wavivu. Huandika “nimebadili” tu. Ni sawa na mwenye duka aandikaye “nimeuza” bila kutaja kitu wala bei. Tena nakala iliyomo katika kompyuta ile ile itaharibika pamoja nayo. Yangu ya pili imo katika flashi, na flashi hulala kabatini kwa mwalimu wa maktaba.

Nikikwama namwita kijana mmoja wa kidato cha kwanza, nimweleze programu mstari kwa mstari. Mara nyingi sijafika nusu, nimekwisha kuona penye tatizo, naye huondoka akishangaa alichoitiwa. (Katika kitabu cha Bwana Hunt na Bwana Thomas cha mwaka 1999, aelezwaye ni bata wa mpira. Mimi naona kijana ni bora, kwa maana bata haulizi.) Nao wanaosifu kukesha usiku kucha, sipatani nao kabisa. Kichwa chenye usingizi huandika mambo ambayo asubuhi yataka siku mbili kuyafuta.

Mwisho wa mwaka huu nitaondoka shuleni, na programu itabaki. Nikiondoka na maarifa yote kichwani mwangu, maktaba itarudi kwenye kitabu chake cha zamani kilichoraruka. Basi siku hizi kijana yule hushika daftari na kuiendesha programu mwenyewe, nami nakaa nyuma yake kimya. Ni vigumu kunyamaza! Wiki iliyopita alikwama mahali pawili: jinsi ya kurudisha nakala kutoka katika flashi, na jinsi ya kuandikisha kitabu kisicho na namba. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika upya kwa maneno yake mwenyewe. Wa pili tutaujaribu Ijumaa, umeme ukiwapo.