Laptopu moja, watoto watano: hesabu ya mama mmoja wa Gety

GETY, Irumu – Mbuzi wawili waliuzwa asubuhi moja, na jioni yake ndugu wa mama mwenye mbuzi alikuja kukaa mlangoni. "Dada, kwa feza hiyo unapata mabati," alisema. "Watoto wanalala chini ya bashi, na wewe unataka kwenda Bunia kununua mashini?"

Mama hakumjibu mara moja. Maneno hayo alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe, usiku mbili mfululizo. Ana watoto watano. Wa kwanza ni binti, anamaliza masomo ya chuo Bunia. Wa pili ni mvulana, yuko mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa egzamini ya Serikali. Watatu wadogo wako shule ya msingi. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika shule za Serikali, lakini daftari, kalamu na viatu havijakuwa bure hata siku moja.

Wakaaji wengi wa hapa wanaijua hali kama hiyo. Gety, makao makuu ya sheferi ya Walendu Bindi, iko karibu kilometa 60 kusini mwa Bunia. Ni hapa mapatano ya amani kati ya Serikali na FRPI yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2020. Hata hivyo, baada ya tarehe ile jamaa nyingi za vijiji vya kandokando zilikimbia tena, zingine zaidi ya mara moja. Jamaa ya mama huyu ni mojawapo.

Kilichomsukuma kuuza mbuzi si tamaa ya vitu vya mjini. Binti yake alikuwa ameandika kurasa 45 za kazi yake ya mwisho wa masomo. Aliziandika kwa kalamu, akazipeleka kwenye sekretaria moja ya Bunia, wakampigia kwa franga 1.000 kila ukurasa. Mwalimu wake akasahihisha, binti akarudi sekretaria, akalipa tena. Kazi yote ilikaa kwenye flashi moja, na flashi ilikaa ndani ya mkoba wake. Wakati wa likizo alirudi kwa mama kijijini. Risasi zilipoanza usiku, jamaa ilitoka na mtoto mdogo mgongoni, sufuria moja na blanketi mbili. Mkoba ulibaki. Siku ya tatu, walipofika kutazama, nyumba ilikuwa majivu.

Binti alilia kwa ajili ya kurasa zile kuliko nyumba. Kwanza mama alikasirika. Baadaye alielewa: nyumba ile ya udongo ilijengwa kwa mwezi mmoja, lakini kurasa zile zilikuwa na miaka mitatu ndani yake.

Ndipo alipoanza kupiga hesabu, na aliipiga kwa haki. Kurasa 45 kwa franga 1.000 ni franga 45.000, na ukirudia mara mbili ni 90.000. Kwa kazi ya kupiga kurasa peke yake, laptopu hairudishi bei yake upesi, na mama alilikubali jambo hilo mbele ya ndugu yake. Lakini aliongeza mistari mingine. Nyuma ya binti kuna wengine wanne. Mvulana anatafuta maswali ya egzamini za miaka iliyopita kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na kazi iliyo mikononi mwa mtu mwingine, kwenye flashi moja, inaweza kupotea usiku mmoja. "Mabati nitayaacha hapa siku tukikimbia tena," alimwambia ndugu yake. "Hii nitaibeba."

Feza za mbuzi aliziunganisha na zamu yake ya likilimba. Zote pamoja zilikuwa dola 200, na bila nauli ya moto zilibaki 185.

Katika duka la kwanza Bunia, karibu na soko, kijana mwuzaji alitoa sanduku lililofungwa bado. Laptopu ilikuwa nyembamba, nyeupe, inang'aa. "Mama, hii ni mpya kabisa, hakuna mtu ameigusa." Aliomba dola 220, na uso wake ulionyesha kwamba angeshuka. Mama aliipenda. Binti pia aliipenda. Lakini walikuwa wamekuja na fundi mmoja kijana anayetengeneza simu na laptopu, na yeye aliomba kwanza iwashwe.

Aliangalia vitu viwili tu. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile mafundi wanaita RAM, ilikuwa GB 4. Nafasi ya kuwekea kazi ilikuwa GB 64, na programu ya Windows peke yake ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. "Shida si kwamba ni ndogo," fundi alimweleza mama nje ya duka. "Shida ni kwamba vyote viwili vimechomelewa kwenye bodi. Mwakani ikianza kuwa nzito, siwezi kuongeza kitu. Nafasi hiyo ikifa, mashini yote imekufa. Upya wake utaisha, lakini udogo hautaisha."

Duka la pili lilikuwa la mashini za okazioni, zile zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya au Marekani kabla ya kufika huku. Zilikuwa zimepangwa kama matofali: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Zote nyeusi au za kijivu, nzito kidogo, zenye mikwaruzo. Mama alikunja uso. Fundi alicheka: "Mwenye duka atakuonyesha mkwaruzo, mama, mimi nitakuonyesha bawaba." Akafungua na kufunga kifuniko cha ThinkPad T470 mara kumi. Hakikulia, hakikulegea.

Mashini za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaozitumia mchana kutwa kwa miaka. Ndiyo sababu fundi wa kawaida anaweza kuzifungua kwa bisibisi, akabadilisha RAM, disiki, betri au kibodi. Na kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi sana duniani, vipuri vyake vinapatikana, hata kwa kuvitoa kwenye mashini nyingine iliyokufa.

Lakini okazioni ni okazioni, na uchunguzi ulichukua zaidi ya saa moja. Kwanza fundi alichomoa chaja na kuiacha mashini ifanye kazi kwa betri wakati wanabishana bei. Betri iliyokufa inajionyesha yenyewe katika nusu saa. Kisha aliandika amri powercfg /batteryreport, ambayo katika Windows inatoa ripoti ya betri: ilikuwa na nguvu gani ilipotoka kiwandani, na sasa inashika kiasi gani. T470 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayotolewa kwa mkono. Kila moja ilianza na Wh 24 hivi. Ya ndani ilikuwa imebaki na 19, ya nyuma na 11. "Ya nyuma imezeeka," fundi alimwambia mwuzaji, na bei ikashuka dola 10.

Jambo la pili lilikuwa disiki. Mashini nyingi za zamani zina disiki inayozunguka, na disiki hiyo inaogopa mtikiso. Mwenye kusafiri kwa moto kwenye barabara ya Bogoro anajua mtikiso ni nini. Disiki ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, basi inavumilia zaidi, inawaka upesi na inakula umeme kidogo. Hii ilikuwa SSD ya GB 256. Mashini yenye disiki ya zamani si lazima ikataliwe, lakini bei ya kuibadilisha iingie katika mabishano.

La tatu, fundi aliizima na kuiwasha tena ili aingie katika mipangilio ya ndani kabisa, ile inayotokea kabla ya Windows. Ikiwa inadai neno la siri ambalo mwuzaji halijui, mashini inaachwa palepale. Inaweza kuwa ya wizi, na kufungua kufuli hiyo ni kazi ngumu.

La nne, binti alipiga kila herufi, moja moja. Kibodi ilikuwa ya Kiingereza, QWERTY, na shule za huku zimezoea AZERTY ya Kifaransa. Hiyo si sababu ya kukataa. Mpangilio unabadilishwa ndani ya mashini, na vibandiko vya herufi vinawekwa juu.

Mwisho lilikuja swali la Windows. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 kama kawaida. Windows 11 kwa upande wake inadai, kwa mashini za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na T470 ni ya kabla ya hapo. Mwuzaji alisema kwamba hilo si neno. Fundi alisema ni neno, ila lina dawa: Linux Mint, ambayo hailipiwi, pamoja na LibreOffice, inayofungua kazi za Word. Alimwonya binti jambo moja tu: kabla ya kupeleka kazi ikatolewe kwenye karatasi, aigeuze kuwa PDF, la sivyo mistari inaweza kuhama ikifunguliwa kwenye mashini nyingine.

Bei ilianza dola 200, ikaishia 165, chaja ndani. RAM ilikuwa GB 8. Zilizobaki zilinunua flashi mbili, mfuko mgumu, na chaja ya gari inayopandisha volti 12 mpaka 20. Chaja hiyo ndiyo ndugu yake mama aliyoiulizia baadaye: ni ya gari gani? Hakuna gari. Ni ya betri ya jua. Jirani ana pano ya wati 100 na betri ya volti 12. Ukitumia konvertisa kugeuza umeme wa betri uwe kama wa mjini, halafu chaja iurudishe chini tena, sehemu unaipoteza njiani. Chaja ya gari inachukua moja kwa moja. Kwa kazi ya kuandika, mashini kama hii inakula wati 10 hivi, na betri zake mbili zinafika karibu saa tatu. Kuijaza kunahitaji saa moja mpaka mbili za jua zuri. Jirani alikubali, kwa sharti kwamba watoto wake nao wakae mezani siku ya Jumamosi.

Kabla ya kuondoka Bunia, fundi aliwawekea Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kifaransa isiyo na picha. Inasomwa bila intaneti na bila kununua mega hata moja. Mtoto wa mwaka wa tano aliitafuta Ituri kwanza, kisha simba, kisha Kylian Mbappé.

Sasa binti ameandika upya kurasa 31. Mvulana anapata saa yake jioni, baada ya kuosha mikono. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, basi mashini inafungwa ndani ya kitenge, kisha ndani ya mfuko, na haiwekwi juu ya blanketi ikiwa inafanya kazi, kwa maana inapumua kwa chini. Kila Jumapili kazi yote inanakiliwa kwenye flashi mbili. Moja mama anaivaa shingoni kama ufunguo. Nyingine inapelekwa kwa shangazi Bunia kila mtu wa jamaa anapokwenda, na ile ya zamani inarudi.

Ndugu yake bado anasema mabati. Hakosei: mvua ilipopiga wiki jana, watoto walisogea upande mmoja wa bashi, na mashini ikasogezwa pamoja nao. Mama anatumaini mavuno ya maharagwe yajayo yataleta hata mabati sita.

Lakini kuna sheria moja aliyoitoa siku ile waliyofika na mashini, kabla hata haijawashwa, na aliwafanya wote watano kuirudia. Wakisikia risasi, anayembeba mtoto mdogo habebi laptopu. Mtoto kwanza. Mashini itachukuliwa na mwenye mikono mitupu, na kama hakuna mwenye mikono mitupu, ibaki. "Kazi iko shingoni mwangu," aliwaambia, akigusa flashi. "Na ingine iko Bunia. Ninyi mkimbie."